Kidole cha Mzee Kihara

Sheria ya tangi la samaki ilikuwa moja: kabla hujatia mkono majini, zima swichi ukutani. Wachuka alifundishwa na baba yake mwenyewe, Mzee Kihara, sajini mstaafu wa kambi ya Lanet, aliyeiongoza nyumba yake kama alivyoiongoza karakana ya magari ya jeshi. Kwamba ukimaliza uwashe, mzee hakuwahi kusema. Nani angedhani mtu mzima anahitaji kuambiwa?

Na sasa hata angetaka kusema, asingeweza. Kiharusi kilimpiga mwezi wa pili, kikaulaza mkono wa kulia na kumwachia mdomoni "eeh" na "aa-aa" tu. Alibaki na mkono wa kushoto, na tangi lenyewe, sebuleni kando ya kiti chake. Kila asubuhi aliwakagua samaki wake saba kwa kidole kama askari kwenye gwaride, akianza na Koplo, yule mnene wa rangi ya machungwa, na kumalizia na kadogo keusi ambako hakajapewa cheo.

Dada wa hospitali aliyekuwa akimfundisha kuongea upya alimwambia Wachuka jambo moja, na akalirudia. "Akikuonyesha kitu, mpe haraka. Akiona anaeleweka, maneno yatakuja. Akiona haeleweki, atakata tamaa anyamaze, na hapo hata mimi sina dawa." Miezi minane Wachuka alilishika neno hilo. Mzee akionyesha dirisha, linafunguliwa. Akionyesha kikombe, chai inakuja.

Halafu ikaja Jumapili ya ushirika wa nyumbani. Zamu ilikuwa ya Wachuka. Aliwaambia watu saa tisa, akijua vizuri kwamba saa tisa ya Lanet ni saa kumi na robo, kwa hiyo saa nane na nusu alikuwa bado amekunja mikono ya blauzi, anasugua ukungu wa kijani kwenye kioo, nusu ya maji ikiwa kwenye ndoo. Swichi alikuwa ameizima. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ushirika uanzishwe, wageni wakafika mapema! Mama Becky, kiongozi wao, ndiye aliyetangulia, Biblia kwapani.

Wachuka akamimina mbio mbio maji safi aliyoyalaza ndooni tangu jana, akapiga sakafu deki. Mkono wake ulifika kwenye swichi ya pampu inayowapulizia samaki hewa. Ukarudi. Ushirika uliopita Mama Becky alisema mbele ya watu wote kwamba hiyo pampu inakoroma kama mlevi, inamtoa kwenye maombi. Watu walicheka, na Wachuka akaona haya.

"Wacha ipumzike mpaka tuseme neema," alijiambia.

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha mzee alipoinua mkono wa kushoto. Aliunyoosha kuelekea ukutani, kidole mbele, akaguna.

"Amen!" Mama Becky alipaza sauti. "Muone mzee! Ameguswa!"

Watu wakapiga makofi. Mzee akaguna kwa nguvu zaidi, nao wakaimba kwa nguvu zaidi. Wengine walilia. Wachuka naye alilia, kwa furaha, Mungu amsamehe. Alimwona baba yake akinyoosha mkono juu mbele ya ushirika mzima na moyo ukamjaa. Hakugeuka hata mara moja kutazama kule kidole kilikokuwa kinaelekea.

Neema ilisemwa, chai ikanywewa, mandazi yakaisha, vikombe ishirini na viwili vikaoshwa. Mzee alikuwa bado anaonyesha.

"Unataka TV, Baba?" Akaiwasha. "Aa-aa." "Choo?" Akamwinua, akampeleka, akamrudisha bila kitu. "Aa-aa!" Safari hii mzee aliupiga mkono wa kiti, machozi yakimlengalenga. Wachuka mgongo ulikuwa unamuuma.

"Baba, leo umenichosha. Twende ulale."

Akamlaza na jua halijazama vizuri, akazima taa ya sebule, akafunga mlango.

Asubuhi samaki sita walikuwa wanaelea, Koplo tumbo juu. Kale keusi kalikuwa karibu na uso wa maji kakipanua mdomo. Nyumba ilikuwa kimya, na ni kimya hicho kilichomwambia Wachuka kila kitu kabla hajatazama ukutani. Aliibonyeza swichi. Pampu ikakoroma. Kisha akakumbuka mkono, mkono ule, jioni nzima, akaketi chini palepale penye unyevu.

Aliyepiga simu asubuhi hiyo ni kaka yake, Njuguna, anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria. Wachuka angeweza kusema ukweli. Ulikuwa mdomoni. Badala yake akasema, "Samaki wa Baba wamekufa. Stima ilipotea usiku, pampu ikasimama."

Uongo mwepesi, ule ambao Kenya nzima ingeupokea bila swali. Mzee alikuwa ameketi hapo hapo. Alimtazama binti yake, kisha akateremsha macho.

Tangu saa hiyo hakuonyesha kitu tena. Chai ilipoa mbele yake. Jua lilimpiga usoni naye hakuonyesha pazia. Jumatatu, Jumanne, mkono wa kushoto ulilala mapajani kama mwenzake uliokufa. Wachuka alimuuliza hiki na kile, akapiga magoti mbele yake, akambembeleza. Mzee hakusema hata "aa-aa". Wachuka alijua alichokiua, na hakikuwa samaki.

Jumatano Njuguna akaja, bado na buti za kazi, mkononi mfuko wa plastiki wenye maji na samaki wanne, kwapani boksi la pampu ya betri. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, nisamehe," alisema. "Watu hunitania kila siku ati stima yenu, stima yenu, nacheka tu. Lakini hii imeniuma. Mimi ndio natengeneza hiyo stima, halafu inakuulia samaki. Hii ya betri haitazima hata giza iingie Nakuru yote."

Mwanamume mzima, sauti ikimkatika kwa kosa ambalo halikuwa lake! Wachuka alikuwa amejiandaa kuupeleka uongo wake mpaka kaburini, lakini hilo halikubebeka.

"Njuguna, stima haikupotea."

"Aje?"

"Nilizima mimi. Nilikuwa naosha tangi, nikaacha pampu imezimwa juu ya Mama Becky asiniseme. Nikasahau. Na Baba alinionyesha." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Alinionyesha jioni yote, mbele ya watu, tukampigia makofi. Nikamwambia amenichosha. Baba, ulinionyesha, na nikakulaza kama mtoto."

Njuguna hakujua amtazame nani. Ili tu afanye kitu, akaizima swichi ukutani, akamimina samaki wapya tangini polepole, kisha akasimama na mfuko mtupu ukimchuruzikia kwenye buti.

Mzee Kihara alifungua mdomo. Ulipinda upande, ukafunga, ukafunguka tena. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Ni," alisema. "Ni-li. Se-ma."

Njuguna akadondosha mfuko. "Ameongea! Wachuka, ameongea! Baba, sema tena, ngoja nitoe simu, sema tena!"

Wachuka hakusogea. Miezi minane alikuwa ameliombea neno la kwanza la baba yake, kwenye magoti na kwenye ushirika, na sasa lilikuwa limekuja, na lilikuwa lake yeye, na alistahili kila silabi.

"Ulisema, Baba," alijibu. "Ulisema, mimi ndio sikusikia."

Mkono wa kushoto wa mzee ukainuka kutoka mapajani, kidole mbele.

"Anataka nini?" Njuguna aliuliza, simu mkononi. "Maji? Unataka maji, Baba?"

Wachuka alikuwa ameshafika kwenye swichi.