Tisini na Mbili

Kwa miaka mitatu Stanka alikuwa akichezewa shere, na waliomchezea ni watu wawili aliowaamini kuliko wote: mumewe Metodi, na Daktari Penev aliyesimamia harusi yao.

Kila masika alipokwenda kupimwa moyo, mambo yalikuwa yale yale. Penev aligeuza skrini ikatazama ukuta, akampaka jeli, akapitisha kifaa kifuani kimyakimya. Kisha Stanka alitumwa nyuma ya pazia akavae, na Metodi akaitwa ndani. Ndivyo madaktari wa zamani wa mji ule walivyozoea: habari mbaya wapewe jamaa, mgonjwa aachwe na amani yake. Stanka aliambiwa tu kwamba presha ya mapafu imepanda kidogo, apunguze banitsa, ile mikate ya jibini, na mwili. Naye Metodi, mtu asiye na haya, akamtania ngazini kila alipokosa pumzi, eti treni ya mizigo imechelewa tena. Maskini, Stanka akacheka.

Mwaka huu Penev akastaafu. Akaja daktari kijana, Galabova, ambaye humtajia nesi vipimo kwa sauti ili aviandike. Stanka, kalala ubavu wa kushoto, akasikia kwamba chumba cha kulia cha moyo wake kimetanuka, kimesukuma ukuta hadi kinabana cha kushoto. Kisha Galabova akapima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali, akapiga hesabu.

"Presha ya mapafu, tisini na mbili."

Stanka akauliza ya mtu mzima wa afya ni ngapi. Akajibiwa kwamba haifiki hata arobaini.

"Lakini mwaka juzi tayari ilikuwa sabini, mama," Galabova akasema, akifunua faili. "Ukapewa nafasi katika hospitali ya Sofia, ya dawa na ya kuandikishwa kupandikizwa mapafu. Mbona ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

Akaonyeshwa fomu. Jina lilikuwa lake, mwandiko wa Metodi. Miaka thelathini na minne ya ndoa, angeukosaje mwandiko ule?

Damu ikamchemka. Hakungoja kuvaa, alijifunika shuka, jeli ingali kifuani, akamwita mumewe ndani na kumwekea fomu mbele ya macho. Metodi akababaika. Akasema Penev alimshauri, kwamba Stanka akijua atakata tamaa, na kule Sofia mgonjwa huambiwa kila kitu.

"Ulikuwa unalala vizuri, Stanka. Mimi ndiye niliyekuwa sipati usingizi."

"Nililala kwa sababu sikujua nakufa. Umeniamulia kifo changu bila hata kuniuliza."

Akamgeukia daktari, akauliza kama nafasi ile bado ipo. Galabova akasema dawa zipo, waanze wiki hii hii. Mapafu, hapana, waliompa nafasi walitaka mtu aandikishwe kabla ya kutimiza miaka sitini, na hilo limeandikwa kwenye fomu yenyewe, juu ya sahihi.



Stanka alitimiza sitini vuli iliyopita. Metodi alikodi bendi, akachinja mwanakondoo, akasimama mbele ya ukoo mzima na glasi ya rakia mkononi kumtakia mkewe afike mia moja. Watu walipiga makofi. Stanka alilia kwa furaha.

"Ulijua," akamwambia, "na ukaniinulia glasi."