Maharage ya Mama Kahambu

Nimechoka kuulizwa habari za tumbo langu. Miaka miwili linavimba, linakata, leo linanikimbiza chooni mara tano, kesho linafunga kabisa. Daktari alipima kila kitu: hakuna amiba, hakuna kidonda. Akasema ni utumbo wenye hasira tu, na hasira yake inatulizwa kwa chakula. Nile uji wa avoine, ile oti ya dukani, karoti za kuchemsha, viazi vitamu vilivyomenywa, yaani nyuzinyuzi zile zinazoyeyuka, niongeze kidogo kidogo; nimeze kila asubuhi vidonge vya probiotiki, vile vya bakteria wazuri wa tumbo; maharage na vitunguu niache. Nikafuata. Wiki ya sita nikaanza kulala kama mutu.

Lakini hapa Goma nani anakataa maharage akaachwa kwa amani? Siku ya ubatizo nyumbani kwa mama mukwe wangu, Kahambu, huko Murara, nilifungua kibakuli changu cha karoti. Wifi yangu Joviale alikitazama, akamnong'oneza jirani yake. Kesho yake shirika letu zima la parokia, majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, lilikuwa linasema namwogopa mama mukwe kwa karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu inasingiziwa kila tumbo linalouma. Nilieleza, nikaonyesha hata karatasi ya daktari. Wapi! Walisema namfichia aibu. Wanawake wakaacha kugusa chakula chake. Mama aliyelisha shirika hilo tangu atoke Butembo sasa alikuwa anarudi nyumbani na sufuria imejaa. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Jumapili shirika lilikutana kwake. Kwa hasira nilichukua sahani, nikajipakulia maharage hadi juu, nikala mbele yao, nikaomba tena. Joviale akawa wa kwanza kunyoosha mkono, wengine wakafuata. Mama Kahambu alipakua kwa furaha hadi sufuria ikabaki tupu.

Rozari ilipofika fungu la tatu, tumbo likaamka. Tumbo hili halina adabu kabisa! Nikitoka sasa, watasema sumu imeanza kazi, na jina la mama huyu limekwisha. Nikakaza miguu. Jasho lilinishuka mgongoni, nikawa naitikia Salamu Maria meno yameumana. Nilimchukia Joviale, nilimchukia daktari, nilimchukia kila mutu aliyepiga magoti mle ndani.

Mama Kahambu akaacha kusali. Alinitazama usoni, akawatazama wenzake, kisha akainuka na rozari yake mkononi, akanishika kiwiko na kunisimamisha. Watu wote waligeuka.

"Mutoto yangu, enda," alisema, wala hakushusha sauti. "Bakisema mimi niko mulozi, baseme."

Nilijaribu kupiga magoti tena. Akanisukuma hadi mlangoni, akabeba ndoo ya maji yeye mwenyewe, akanitangulia chooni.