Daktari wa Jumapili

Kwao waliacha kumwita jina lake siku ile ile barua ya chuo ilipofika. Hajapanda ndege, hajafungua hata kitabu kimoja, tayari ni Daktari. "Daktari, niletee maji." "Daktari, kalale, kesho una safari." Baba yake, fundi cherehani mwenye kupima maneno kuliko anavyopima vitambaa, ndiye aliyeongoza. Binti wa miaka ishirini akavikwa kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa vizuri.

Mwaka na nusu baadaye, Daktari alikuwa anafua mashuka.

Mitihani ya mwaka wa kwanza alianguka, akarudia, akaanguka tena. Chuo hakikumfukuza. Kilimhamishia kozi fupi ya usafi wa hospitali, na mafunzo yenyewe yalifanyika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, palipokuwa na mashine kumi na mbili zinazonguruma kutwa. Huko alijifunza kwamba shuka lenye damu halitiwi maji ya moto, na kwamba mfuko mwekundu haushikwi kwa mkono mtupu. Maisha ya ugenini nayo aliyazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Alijua kwamba kwenye ngazi watu hawasalimiani, kwamba jirani akiudhika na kelele habishi hodi bali anakubandikia karatasi mlangoni, na kwamba yai lisiloandikwa jina kwenye jokofu la pamoja ni yai la yeyote mwenye njaa.

Kitu kimoja tu hakukizoea, nacho ni kusema kweli nyumbani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena alijengewa na ndugu zake mwenyewe.

Mwenzake wa chumba, aliyepewa jina la Miwani kwa sababu zinazoeleweka, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu. Koti lake jeupe lilining'inia nyuma ya mlango. Kila Jumapili saa kumi Miwani alikwenda maktaba, na kila Jumapili saa kumi na dakika tano Daktari alilivaa koti lile, akasimamisha simu juu ya kopo la sukari na kupiga simu ya video. Upande wa pili familia nzima ilikuwa imejipanga kwenye kochi kama wagonjwa zahanati. Huyu ana kiungulia, yule mtoto wake anakohoa. Daktari aliwaambia wanywe maji mengi, wapunguze chumvi, wapumzike. Maji mengi hayajamuua mtu, alijipa moyo.

Jumapili moja mama yake akasogea mbele ya simu, akapandisha kanga hadi gotini.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mama akasema huku anacheka. "Haya, Daktari wangu, nisije nikaumbuka. Tazama."

Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi goti, ngozi imevutika inang'aa. Wa kulia ulikuwa mguu wake wa siku zote. Mama alieleza kwamba homa ilimlaza wiki mbili, na aliponyanyuka tu ndipo mguu ulipoanza kuuma na kuwaka moto. Baba akainua karatasi. Tabibu wa zahanati alikuwa ameandika apelekwe hospitali kuu siku hiyo hiyo.

"Lakini nimesema kwanza tumsikie Daktari," akadakia kaka yake mkubwa. "Yule wa zahanati amesoma nini? Na ukisema twende, tutakwenda. Tukifika nawapa simu madaktari wa pale, muongee wenyewe kwa wenyewe."

Daktari akawaona kichwani madaktari wa pale wakimuuliza yuko mwaka wa ngapi, nani anamfundisha, anadhani ni nini. Aliiona simu ikirudi mikononi mwa kaka. Aliogopa aibu kuliko alivyouogopa mguu ule, na huo ndio ukweli wenyewe.

"Ni uchovu wa kulala sana," akasema. "Aweke mguu juu ya mto. Pasheni mafuta moto, mumkande kila jioni."

"Mmeona?" Mama akawageukia wenzake kochini, uso wote furaha. "Safari ya saa nne bure, na dawa ninayo nyumbani."

Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Jumatatu asubuhi, Miwani anapaka siagi kwenye mkate, Daktari akamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: jirani yake wa zamani kavimba mguu mmoja, baada ya kulala wiki mbili. Je, ni kitu cha kutisha?

Miwani akaweka kisu chini. "Mguu mmoja tu? Aende hospitali leo, asingoje kesho. Na mtu asiukande! Hapo damu imeganda. Ukiibonyeza inang'oka, inapanda mapafuni, na hapo hakuna cha kufanya."

Daktari alikwenda chooni na simu yake. Akaandika: *Mpelekeni hospitali leo. Msimkande tena.* Kidole kikakaa juu ya kitufe. Jana alisema hivi, leo anasema vile. Watamuuliza kwa nini. Na madaktari wa pale bado wapo, wanangoja kuongea naye. Akafuta. Akaandika upya: *Mama anaendeleaje? Kama mguu haujapungua, Jumamosi mpelekeni.*

Kaka akajibu papo hapo: *Sawa Daktari. Anasema mikono yangu ni dawa.*

Alhamisi simu ilimkuta kati ya mashine, mikono imejaa foronya. Mama alisimama aanike nguo, akashika kifua, akasema "hewa", akaanguka. Hata machela haikuwahi kutafutwa.

Mazishi yalikuwa kesho yake, hakuwa na njia ya kuyawahi. Aliyatazama kwenye simu, amekaa juu ya gunia la mataulo machafu. Wasifu wa marehemu ulisomwa mbele ya umati: ameacha mume na watoto wawili, na alitibiwa na binti yake daktari hadi pumzi ya mwisho. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Daktari alijiuma mkono ili asipige kelele.

Jumapili ya tatu baada ya msiba, simu ilitoka kwao. Alivaa koti bila kufikiri. Kochini palikuwa na baba, kaka, na shangazi yake, aliyehamia pale kumtunza baba baada ya kufiwa. Shangazi akapandisha kanga.

"Na mimi ugonjwa ule umenianza, Daktari. Nilivunjika vidole vya mguu huu, nikalala kitandani wiki nzima, sasa tazama."

Mguu mmoja. Umevimba, unang'aa.

"Mafuta nimeshapasha," akasema kaka, anakunja mikono ya shati.

"Usimguse!" Daktari alipiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta. "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi!"

Shangazi akanuna. "Mama yako ulimtibu mwenyewe. Mimi unanitupa hospitali. Kwani shangazi si mzazi?"

"Shangazi, nakuomba. Hiyo ni damu imeganda. Ukikandwa inapanda mapafuni, unakufa umesimama."

Kwa mara ya kwanza alisema kama daktari kweli. Baba akainuka taratibu, akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso wake. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya barua. "Haya umeyajua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema wamefundishwa juzi darasani. Alilitazama koti, akaona jina la mwenzake limeshonwa kifuani.

"Jumatatu ile," akasema. "Siku tatu kabla."

Nyuma ya baba, kaka yake alikuwa anajifuta mafuta mikononi kwa shati, anafuta na kurudia kufuta.

"Jumatatu nilimkanda," kaka akasema, wala hakuwa anamwambia mtu. "Jumanne nikamkanda. Jumatano nikamkanda."