Mbao Zilizochelewa Kukauka

Mbao zililipiwa wiki mbili baada ya mradi kwisha, na mfadhili akakataa kuyatambua malipo hayo. Chama cha maseremala kikatakiwa kurudisha pesa ambazo tayari zilikuwa madawati.

Mwenyekiti wa chama walimwita Bado, kwa sababu ukimuuliza kama kazi imekwisha, hilo ndilo jibu lake. Alikuwa fundi wa kweli, na kichwa chake kigumu kama gogo. Karani alikuwa mdogo wake wa kike. Ni yeye aliyeandika maombi ya ruzuku, yakakataliwa, akayaandika upya hadi yakapita. Siku ya kusaini mkataba alimkalisha kaka yake chini, akamwonyesha kwa kidole: matumizi yote yafanyike kabla ya tarehe hii. Bado aliitikia huku akichonga penseli.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha mvua zikashika. Bado alipofika kwa muuza mbao alikuta mzigo wote umelowa. Akagonga ubao mmoja kwa kidole, akaunusa, akaurudisha. Muuza mbao akamtania kwamba anachagua mbao kama anayechagua mchumba. Bado hakucheka. Alisema dawati la mbao mbichi halimalizi muhula kabla ya kupinda, na anayeumia mgongo ni mtoto wa watu. Angesubiri zikauke.

Kuhusu mbao, mdogo wake hakubishana naye. Alimwomba tu asaini barua ya kuomba muda.

"Tukiomba muda watasema tumekula hela," Bado alimjibu.

"Na tukipitisha tarehe watasemaje, kaka?"

"Wakiyaona madawati watanyamaza. Wewe shughulika na makaratasi yako."

Bila sahihi ya mwenyekiti barua haikuwa na pa kwenda. Mvua zikakatika, mbao zikakauka, zikalipiwa, na karakana ikanuka gundi na vumbi la msumeno mpaka dawati la mwisho likapelekwa shuleni.

Afisa wa mfadhili alikuja kufunga mradi. Alipitisha kiganja juu ya dawati moja, akalitikisa, halikulia. Akasifu kazi. Kisha akalikalia hilohilo, akaanza kupekua stakabadhi, na kwenye ile ya mbao akatua. Bado akamweleza habari za mvua, za unyevu, za mbao zinavyojikunja. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, wala hakumkatisha.

"Sababu yako ni nzuri, mzee," alisema. "Mngetuandikia kabla ya tarehe, tungewaongezea miezi mitatu. Wengi huwa tunawapa. Sasa mradi umekwisha, sina pa kuiweka hii."

Bado alimgeukia mdogo wake. Alitamani mdogo wake aseme "nilikwambia", ili naye apate la kumjibu. Badala yake dada mtu aliomba radhi kwa niaba ya chama, akafunga faili lake.

Njiani ndipo alipofungua kinywa.

"Mbao ulizisubiri msimu mzima, kaka. Mimi nilikuomba sahihi moja tu."



Madawati yako shuleni mpaka leo na hakuna hata moja lililopinda. Gharama yake ilikuwa hii. Randa ya umeme iliuzwa, na msumeno wa meza pia, na pesa hazikutimia. Bado akaongezea pikipiki yake. Awamu ya pili ya ruzuku ilipewa chama kingine, na shule mbili zilizokuwa zimeahidiwa zikaachwa hivyohivyo. Mafundi wanne walitawanyika kutafuta vibarua. Mdogo wake akapata ukarani kwingine. Hata sasa huja kumsalimu wifi yake, mke wa Bado, ila huchagua saa anayojua kaka yake yuko karakana.