Mama Mkwe na Brashi Nyekundu

Bwana Miti hakuogopa nyoka wala nyuki. Aliyemtetemesha ni mama mkwe wake, na asubuhi ile mama huyo alikuwa amekumbatia msonobari uliopakwa alama nyekundu ya kukatwa. Wakata miti walizima misumeno, wakabaki kutazama sinema ya bure.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Miti, akivua kofia.

"Marahaba, baba. Huu haukatwi."

"Mama, tunapunguza tu..."

"Kila siku redioni ni panda mti, jua limekuwa kali, panda mti! Tukapanda. Miche hii niliibeba mimi, kwa kichwa hiki. Leo mnaleta misumeno. Ndumilakuwili nyie!"

Kubishana na mama mkwe mbele za watu ni kujitafutia balaa. Akasogea kando, akampigia mkewe simu. Mkewe alicheka mpaka akapaliwa. "Pambana na hali yako, baba watoto."

Bwana Miti akarudi, akaketi kwenye majani makavu miguuni pa mama.

"Mchicha wako ukiota umesongamana, mama, unafanyaje?"

"Naung'oa mwingine. La sivyo wote unakonda..." Akainua macho. Vigogo vilikuwa vyembamba kama fito, vilele vikigombania mwanga.

"Mvua za siku hizi ni za kuvizia," alisema Bwana Miti taratibu. "Maji kidogo, miti mingi, yote inabaki na kiu. Wadudu wanaishambulia, na moto ukizuka hausazi mti. Tukipunguza, inayobaki itanenepa. Kwenye nafasi tutapanda miti ya asili inayovumilia ukame."

"Sasa mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ulinipa nafasi, mama?"

Mama akacheka. Akaupapasa ule msonobari, akaunong'oneza "pole, mwanangu," kisha akanyoosha mkono. "Lete brashi."

Kufika adhuhuri, Bwana Miti alikuwa akikimbia nyuma yake na kitambaa cha kufutia rangi.

"Huu umepinda. Huu hauna adabu, unamwegemea mwenzake."

"Mama, huo hapana! Huo tunaubakiza!"

"Acha huruma, baba. Msitu haulelewi kwa machozi."

Ukame wa mwaka uliofuata ulikuwa mkali, lakini upande ule uliopunguzwa ulibaki kijani. Mama aliwaleta wenzake wa kikundi cha kupanda miti wajionee.

"Mkwe wangu ni mtaalamu," aliwaambia kwa fahari. "Ila ni mwoga wa kukata. Ilibidi nimsaidie."