Tadea Mbele ya Baraza

Kwa miaka sita nilikuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata yetu, huku milimani Mbinga. Mwenye kutaka talaka alipitia kwetu kwanza. Tukishindwa kuwapatanisha, tuliandika hati, ndipo akaenda mahakamani. Niliipenda kazi hiyo. Kanisani watu walinionyesha ndoa nilizookoa.

Tadea alikuja mara ya kwanza msimu wa kupalilia mahindi, jicho limevimba. Tulimkanya mumewe, Rodrick, naye akaahidi kujirekebisha. Mara ya pili alikuja na kidole kimevunjika. Tukamkanya Rodrick tena, kwa ukali zaidi.

Mara ya tatu ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa. Tadea hakutaka hata kukaa.

"Shikamooni. Leo sitaki mumseme. Nipeni hati tu."

"Marahaba, mwanangu. Talaka si jambo la haraka," alimjibu mwenyekiti wetu, mzee Bernadi.

"Ataniua, baba."

Rodrick akapiga magoti mbele yetu, akalia kwa sauti. Alisema ni pombe, ameshaacha, ameshaungama kwa padre. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee pale mezani, na wanaume waliningoja mimi niseme. Yale machozi yalinigusa. Niliinuka, nikaushika mkono wa Tadea, nikauweka katika mkono wa mumewe.

"Mpe mwezi mmoja tu, mwanangu."

Aliniangalia. Akatoka bila kuniaga.

Siku ya kumi na moja walimkuta shambani, kati ya mibuni. Sitasimulia alivyokuwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Rodrick yuko mahabusu, kesi haijaisha. Mimi nilijiuzulu.

Mwaka huu wakaja maofisa kukusanya maoni kuhusu sheria ya ndoa. Ukumbini pale Mbinga watu walizungumzia umri wa kuolewa na mgawanyo wa mali. Nikanyoosha mkono.

"Mwanamke anayepigwa asiletwe barazani," nikasema. "Aende mahakamani moja kwa moja. Sisi tulimrudisha Tadea kwa mumewe mara tatu, naye akauawa."

Ofisa, dada mmoja kijana, aliacha kuandika.

"Mama, pole. Hata sheria ya sasa, kukiwa na sababu nzito sana, mahakama inaweza kumpokea bila hati. Ila haijawekwa wazi."

"Hakuna aliyetuambia."

"Ndiyo maana tunakusanya maoni, mama."

Akaandika, akampa nafasi mtu mwingine.

Nilipotoka nilimkuta Vitalia, mama yake Tadea, kwenye ngazi. Sikujua kama naye alikuwa ndani.

"Mara tatu?" akaniuliza. "Na mimi naishi ng'ambo ya mto tu. Kwa nini hakuniambia?"

Ningeweza kusema sijui.

"Tulimkataza, dada. Tulimwambia mambo yaliyoko barazani yasifike kwa wazazi, yataharibu suluhu."

Vitalia alikaa palepale kwenye ngazi, watu wakimpita huku na huku. Hakulia. Nikainama nimwinue.

"Nenda, Mektilda," akasema. "Kila aliponitembelea nilimwuliza habari za nyumbani, akaniambia nzuri. Kumbe alikuwa anawatii ninyi."

Nikamwacha pale, nikaenda kutafuta gari la kurudi kijijini.