Maandishi Mahali pa Picha

"Nikirusha mimi, hata simu yenye nyufa kama ukuta wa choo cha shule inaona. Habaki mtu nyuma."

Aliyetamba hivyo, kifua mbele, katikati ya sebule ya wafiwa, ni kijana mrusha video mtandaoni aliyezoeleka kwa jina la utani la Mubashara. Ulimi wake haukuwa na breki. Hata msibani ilibidi auume mdomo ili mzaha usimponyoke.

Dereva wa lori, mtoto mkubwa wa marehemu, hakucheka.

"Sikiliza, mdogo wangu. Shangazi ndiye aliyemlea baba tangu anabebwa mgongoni. Sasa kavunjika nyonga, kitandani hatoki. Wengine wakikosa, wakose. Yeye amuone mdogo wake akizikwa."

"Kaka, hesabu ameshaona."

Tusimwonee; kazi aliijua. Kila shughuli aliiandalia nakala tatu za video: nzito kwa kompyuta na simu mpya, ya kati kwa wenye mtandao wa kusuasua, na nyepesi kwa simu kuukuu, zile ambazo vivinjari vyake havizifahamu video za kisasa. Ukurasa wake uliiuliza kila simu inaweza kubeba nini, kisha ukaipa mzigo wa saizi yake. Tena chini ya meza alikuwa na boksi la viatu lenye simu tano chakavu, na desturi yake ilikuwa kuzijaribu zote kabla hajaondoka nyumbani.

Lakini asubuhi ya mazishi kompyuta ilichemka. Kutengeneza nakala tatu kwa mpigo kuliifanya ingurume kama mashine ya kusaga, na picha ikaanza kukwama. Mubashara akaizima nakala nyepesi. Simu za boksini hazikuwa na chaji, naye hakuwa na muda wa kuzibembeleza. Akafungua ukurasa kwa simu yake mwenyewe, iliyokuwa bado na nailoni ya dukani, picha ikatulia kama maji mtungini.

"Nani siku hizi ana simu ya enzi zile?" alijisemea, akabeba kamera.

Makaburini hakukosea kitu. Jeneza lilishushwa polepole, na kwenye kona ya kompyuta namba ikasoma watu mia mbili na kumi na wanne. Walipomaliza kufukia, alimshika dereva bega. "Mia mbili na kumi na nne, kaka. Wote wameona."

Siku ya tatu dereva alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Shangazi hakuona chochote."

"Itakuwa mtandao wa kule, kaka. Nakuja kumwonyesha mwenyewe."

Alipokata simu, alilivuta boksi la viatu, akachomeka chaji, akafungua ukurasa kwa simu kongwe kuliko zote. Hakuona jeneza wala waombolezaji. Aliona maandishi meupe kwenye kiza. Aliyaandika mwenyewe miezi mingi nyuma ili kuwachekesha rafiki zake, yatokee pale simu ikishindwa kuonyesha video. Akayasahau humo, na ile namba aliyojisifia iliwahesabu wote waliofungua mlango wa ukurasa, hata walioishia kizingitini.

Alikaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuta mzaha wake hauchekeshi.

Akayafuta. Akatengeneza nakala nyepesi, akaijaribu kwa simu zote tano, kisha akapanda basi.

Shangazi alilala chali, mito miwili chini ya mguu, simu yenye ufa kifuani. Mke wa mwanawe, mshonaji, alikuwa dirishani akipinda shuka kwa mkono. Mubashara aliinama, akafungua ukurasa kwenye simu ileile. Picha ikatokea, ndogo, imefifia kidogo, lakini inakwenda.

Bibi kizee aliisogeza karibu na pua.

"Rudisha kidogo, mjukuu wangu. Hapo. Kile cha buluu juu ya jeneza ni nini?"

"Sweta, bibi."

"Wameliweka." Akalipapasa kwa kidole pale kiooni. "Nilimfumia mwenyewe. Niliwaambia asiende na baridi."

Alitazama mpaka udongo ukajaa, hakulia. Kisha akauliza, "Sasa siku ile kulikuwa na nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana kama uwanja. Mubashara akaipita pembeni.

"Mtandao, bibi. Picha ilikuwepo tangu siku ile, mtandao wa huku ndio ulioikata."

"Basi Mungu akubariki. Umenipa mdogo wangu."

Mshonaji alichomeka sindano kwenye kola yake, akainuka kumsindikiza mgeni hadi getini. Hapo akatoa mfukoni kibahasha cha dawa kilichokunjwa.

"Mama herufi ndogo hazioni. Siku ile alikuwa kanishika mkono, ananiuliza, 'Wamefika wapi? Wameshamshusha?' Nikamwambia picha imegoma. Yaliyoandikwa pale sikumsomea. Niliyanakili hapa, nikasema ipo siku nitamwona fundi nimuulize."

Mubashara aliyafahamu kabla hajakikunjua. Hata hivyo dada yule alimsomea, taratibu, kama anayesomea mtoto:

"Simu hii imeshakufa. Izike, ununue nyingine."

Kijana alinyoosha mkono kukichukua.

"Nimekusikia ukimwambia mama ni mtandao," mshonaji alisema, akikiweka kibahasha kile kiganjani mwake na kumkunjia vidole. "Hebu niambie na mimi, mdogo wangu. Huo mtandao ndio uliokaa ukayaandika haya?"